Je, hipnosisi itanirudishia usiku ule wa leba?

SWALI: Habari, Daktari. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, ninaishi Nyamasaria hapa Kisumu. Miaka mitatu iliyopita nilijifungua Effie baada ya uchungu wa siku mbili. Nilifika hospitalini saa mbili usiku, nikiwa sijalala tangu jana yake, na mtoto alizaliwa kesho yake mchana. Kuanzia kama saa nane usiku hadi alfajiri sikumbuki chochote, isipokuwa nilidungwa sindano pajani, na sauti ya mwanamke inayonifokea ninyamaze. Wifi yangu ndiye aliyenisindikiza, na anaapa kwamba hakuna aliyenifokea. Sasa nina mimba ya wiki 30 na kila usiku naamka saa nane, usingizi umekatika. Rafiki yangu wa Nakuru amenielekeza kwa mtu wa hukohuko anayefanya hipnosisi, ile ya kumlegeza mtu na kuiongoza akili yake kwa maneno. Anasema atanilaza, anirudishe usiku ule nikumbuke yote, kisha anitoe hofu nijifungue bila uchungu. Anataka Sh4,000 kwa kipindi, vipindi sita. Mama mkwe ananiambia mama akishamwona mtoto husahau uchungu wote, ndivyo Yohana 16 inavyosema, kwa hiyo mimi nina nini? Tena naogopa isije ikawa ni mambo ya giza. Nifanye nini? – Mama Effie

JIBU: Mama Effie, salamu. Mtu huyo wa Nakuru anakuuzia vitu viwili kwa bei moja, na ningependa uvitenganishe kabla hujatuma hata senti. Kimoja ni kukuandaa kwa leba inayokuja. Hicho sikukatazi, kina faida yake ndogo nitakayokupimia hapa chini. Cha pili ni kukurudisha kwenye usiku wa miaka mitatu iliyopita ili "ukumbuke yote". Hicho nakusihi ukikatae, hata akikupa bure.

Naanza na cha pili kwa sababu ndicho kinachoweza kukuumiza.

Hebu tuangalie ubongo wako ulikuwa katika hali gani saa nane ya usiku ule. Ulikuwa hujalala usiku uliotangulia, uchungu umekuchosha, na umedungwa dawa ambayo huenda ilikufanya usinzie kati ya uchungu mmoja na mwingine. Ndani ya ubongo kuna sehemu inayoitwa hipokampasi, kazi yake mojawapo ni kupokea tukio linapotokea na kulishika ili baadaye liwe kumbukumbu. Mwaka 2007 watafiti wa Harvard waliwakesha vijana usiku kucha, kisha wakawaonyesha picha nyingi huku wakiwapima ubongo kwa mashine. Vijana hao waliruhusiwa kulala vizuri kabla ya kuulizwa picha walizoziona, na bado walikumbuka chache kuliko wenzao ambao hawakukeshwa. Mashine ilionyesha kwamba wakati picha zikipita hipokampasi yao ilikuwa imezorota. Maana yake ni kwamba usingizi waliolala baadaye haukuwasaidia, kwani kasoro ilikuwa kwenye kupokea, si kwenye kutafuta. Huwezi kuvuna shamba ambalo halikupandwa.

Ongeza hofu. Mtu aliyeshikwa na hofu kali hunasa kitu kimoja au viwili kwa nguvu, na vilivyobaki vikampita. Ndiyo maana una sauti lakini huna sura, huna rangi ya sare, hujui taa ilikuwa imewaka au la. Umbo hilo la kumbukumbu, kipande kimoja kikali kilichozungukwa na giza, ni la kawaida kabisa. Halithibitishi kwamba kuna jambo kubwa zaidi limefichwa chini yake.

Sasa mtaalamu wa Nakuru anakuahidi kwamba saa hizo zipo mahali fulani, na yeye ana ufunguo. Nikueleze jaribio lililofanywa Montreal, Kanada, na wanasaikolojia wawili, Laurence na Perry, likachapishwa mwaka 1983. Walichagua watu 27 wanaoingia kwenye hipnosisi kwa urahisi sana. Kila mmoja aliombwa ataje usiku mmoja wa wiki iliyopita ambao alilala vizuri, bila kuamka. Kisha wakamwingiza kwenye hipnosisi, wakamrudisha usiku huohuo, wakamuuliza kama hakuzisikia zile kelele kubwa zilizomwamsha. Kelele zenyewe hazikuwepo, zilitiwa kwenye swali. Baada ya kutolewa kwenye hipnosisi, watu 13 kati ya 27 walisema kelele walizisikia kweli. Wapo walioshikilia hivyo hata walipoelezwa wazi kwamba aliyezitia kichwani ni mtafiti.

Soma tena hilo jaribio ukifikiria hali yako: usiku, usingizi, sauti. Mtu akikuuliza ukiwa umelegea, macho yamefumba, "nesi anasema nini sasa? amesimama upande gani? amekushika wapi?", ubongo wako utajibu, kwa sababu umeombwa kujibu. Na jibu litakuja na sura, na sare, pengine na jina. Kisha utaondoka pale ukiwa na uhakika kuliko ulivyoingia. Hapo ndipo hatari ilipo: hipnosisi huongeza uhakika wa mtu bila kuongeza ukweli wa anachokumbuka. Mwaka 1985 Chama cha Madaktari cha Marekani kilipitia ushahidi uliokuwepo na kusema kwamba kumbukumbu zinazopatikana kwa hipnosisi si za kuaminika zaidi ya zile za kawaida, na zinaweza kuchanganyika na mambo yasiyotokea. Mahakama nyingi za majimbo ya huko zilikuwa zimeanza kukataa ushahidi wa namna hiyo. Kwa hiyo kama siku moja utataka kulalamika rasmi kuhusu ulivyotendewa, hipnosisi inaweza kukuharibia hata hicho kipande kimoja ulicho nacho.

Nisije nikaeleweka vibaya. Sijasema sauti hiyo umeibuni. Penny Simkin, aliyewafundisha wajawazito huko Marekani kwa miaka mingi, aliwatafuta wanawake 20 ambao walikuwa wameandika habari za kujifungua kwao mara tu baada ya tukio, akawauliza upya baada ya miaka 15 hadi 20. Alipolinganisha maandishi ya zamani na masimulizi mapya, alikuta kumbukumbu zao kwa sehemu kubwa ni sahihi na za kushangaza kwa uwazi, hasa kuhusu maneno na matendo ya madaktari na manesi. Walichosahau au kuchanganya ni mambo kama mpangilio wa saa. Na hapa kwetu, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kutoka vituo 13 vya afya Kenya ulikuta kwamba mwanamke mmoja kati ya watano alisema alidharauliwa au kutendewa vibaya kwa namna fulani wakati wa kujifungua. Kwa hiyo mama anaposema alifokewa leba, mimi simshangai.

Vipi basi kuhusu wifi yako? Badala ya kubishana naye kama ulifokewa au hukufokewa, muulize swali dogo zaidi: kati ya saa nane na alfajiri, yeye alikuwa amekaa wapi? Wasindikizaji wengi huambiwa wangoje kwenye benchi nje ya wodi, na nyuma ya milango miwili mtu hasikii kitu. Tena naye alikuwa amekesha. Hakuna haja ya mmoja wenu kuwa mwongo.

Ukitaka kujua zaidi kuhusu saa zile, kuna njia ya kawaida, nayo haina mvuto wa hipnosisi: omba faili lako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zako. Ndani ya faili tafuta patografu, ile karatasi ya miraba ambamo nesi huandika mapigo ya moyo ya mtoto kila nusu saa, njia imefunguka sentimita ngapi, presha yako, na dawa ulizopewa pamoja na saa ya kila moja. Kaa nayo na mkunga unayemwamini wa kliniki yako, akusomee mstari kwa mstari. Utajua ile sindano ya paja ilikuwa nini na ilidungwa saa ngapi. Na kama kuanzia saa nane hadi alfajiri miraba iko mitupu, huo nao ni ushahidi, pengine mkubwa kuliko sauti unayoikumbuka. Nimewaona akina mama wakilia juu ya karatasi hiyo, na wengine wakicheka kwa kitulizo baada ya kugundua kwamba saa walizodhani waliachwa peke yao mtu alikuwa anapita kila baada ya nusu saa akisikiliza moyo wa mtoto.

Tuje kwa mama mkwe. Ana haki nusu. Sweden walifuatilia zaidi ya wanawake elfu moja, wakawauliza kuhusu ukali wa uchungu miezi miwili baada ya kujifungua, kisha mwaka mmoja, kisha miaka mitano. Baada ya miaka mitano asilimia 49 walikumbuka uchungu kuwa mdogo kuliko walivyosema mwanzo, asilimia 35 walisema vilevile, na asilimia 16 walisema ulikuwa mkali zaidi. Lakini kwa wale ambao kujifungua kwao kwa jumla kulikuwa kubaya, uchungu haukufifia. Kwa hiyo uchungu husahaulika, lakini si kwa kila mama. Ukiulizwa tena "mimi nina nini?", jibu ni kwamba uko pamoja na wanawake wengi ambao waliumia kwa jambo jingine zaidi ya uchungu wenyewe. Waliogopa, waliachwa peke yao, au walifokewa. Mwambie mama mkwe kwa upole kwamba hubishani na andiko.

Kuna jambo jingine hapo ambalo linanivutia mimi kama mtu wa saikolojia. Watafiti wa Israel, mwaka 2014, waliwaomba wanawake wakadirie uchungu wao wakiwa leba, kisha wakawauliza baadaye ulikuwaje kwa jumla. Urefu wa leba haukuwa na uzito mkubwa katika kumbukumbu. Kilichoamua ni kilele cha uchungu na jinsi ulivyoishia. Daniel Kahneman na wenzake walikuwa wameonyesha jambo hilohilo kwa wagonjwa waliopimwa utumbo kwa mrija. Kwa hiyo siku zako mbili hazikuingia kwenye kumbukumbu kama siku mbili. Dakika chache za kilele na nusu saa ya mwisho ndizo zilizobeba zote. Hilo linafaa kukumbukwa tunapopanga leba hii ya pili, maana mwisho unaweza kuandaliwa: nani atakuwa kando yako, mtoto atawekwa kifuani mara moja au la, nani atakueleza kinachofanyika ukishonwa.

Na kama kusahau ndiyo dawa, wapo waliojaribu kuitengeneza. Mjini Freiburg, Ujerumani, miaka ya mwanzo ya karne ya 20, madaktari Krönig na Gauss waliwadunga wanawake wa leba mofini pamoja na skopolamini. Mofini ilipunguza maumivu kidogo tu kwa kipimo walichokitumia. Skopolamini ndiyo iliyokuwa na kazi kubwa, nayo ilikuwa kufuta kumbukumbu. Gauss alikuwa na kipimo chake: anamwonyesha mama kitu fulani, anaondoka, anarudi baada ya nusu saa na kumuuliza kama aliwahi kukiona. Akikumbuka, anaongezewa dozi. Chumba kilitiwa giza, masikio yalizibwa kwa pamba, kwa sababu kelele na mwanga vingeweza kuacha vipande vya kumbukumbu. Na wanawake hao walipiga mayowe. Walijirusha kitandani hadi wengine wakafungwa mikanda. Asubuhi waliamka wakapewa mtoto na kusema hawakuhisi kitu. Mwaka 1914 habari hizo zilifika Marekani, wanawake wa tabaka la juu wakaanzisha kampeni kuidai hiyo dawa, na kwa namna mbalimbali ilitumika hospitali za huko kwa miaka mingi, ingawa ilijulikana kwamba watoto wengine walizaliwa wamelegea, hawapumui vizuri.

Nimekaa kwenye kisa hicho kwa sababu kinajibu kitu ulichokiandika katikati ya mistari, kwamba pengo lako la saa nne ndilo tatizo, na likijazwa utapona. Wanawake wa Freiburg walikuwa na pengo la usiku mzima, na wengi wao hawakulalamika. Pengo peke yake haliumizi. Kinachokuumiza wewe ni ile sauti, na woga kwamba utaisikia tena baada ya wiki kumi.

Sasa kile kitu cha kwanza, hipnosisi ya kujiandaa. Mambo ya giza hayamo. Hakuna pepo anayeitwa, hakuna kafara, na wala hulazwi, ingawa yeye anasema "atakulaza". Ukipimwa mawimbi ya ubongo ukiwa kwenye hipnosisi hayafanani na ya mtu aliyelala. Unasikia kila kitu, unaweza kufumbua macho ukatoka kwenda chooni. Ni umakini mkubwa kwenye jambo moja, pamoja na utayari wa kufuata pendekezo unalopewa. Watu hutofautiana sana katika utayari huo: wachache huingia kwa kina, wachache hawaingii kabisa, na wengi wetu tuko katikati.

Kipindi cha kawaida huwa hivi. Unakaa umeegemea, unapumua polepole, unahesabu kushuka kutoka kumi. Unaambiwa uwazie mkono wako wa kulia umezama kwenye maji ya mtungi, alfajiri, maji baridi yanayopanda vidoleni hadi kwenye kifundo. Mkono unaanza kufa ganzi kama umevaa glavu. Ukishahisi ganzi, unauweka tumboni na kuiacha ganzi ishuke hapo. Mnarudia hadi unaweza kulifanya peke yako nyumbani, na mara nyingi unapewa sauti iliyorekodiwa usikilize kwenye simu kila siku. Kwa wengine ni upuuzi mtupu, na wengine huhisi mkono umekuwa wa mtu mwingine.

Je, inafanya kazi? Mwaka 1997 Rainville na wenzake walionyesha kwamba watu walio kwenye hipnosisi wakiambiwa kwamba maji ya moto yanayowachoma hayawasumbui, ile sehemu ya ubongo inayohusika na karaha ya maumivu hubadilika, ilhali sehemu inayohisi ukali wake haibadiliki sana. Kwa hiyo kuna kitu halisi kinachotendeka. Lakini maabara si leba. Uingereza, wanawake 680 wenye mimba ya kwanza waligawanywa kwa kura, nusu wakafundishwa hipnosisi ya kujifanyia wenyewe kwa vipindi viwili vya kikundi na rekodi ya kusikiliza nyumbani. Waliotumia sindano ya ganzi ya mgongoni walikuwa asilimia 27.9 kwa waliofundishwa na 30.3 kwa wasiofundishwa, tofauti isiyo na uzito wa kitakwimu. Denmark walipima zaidi ya wanawake 1,200, nao hawakuona tofauti kwenye sindano hiyo. Mapitio ya mwaka 2016 yaliyokusanya majaribio tisa yenye wanawake 2,954 yalisema hipnosisi huenda ikapunguza matumizi ya dawa za maumivu kwa jumla, lakini si ya ile sindano, na haikuonekana wazi kuwafanya wanawake waridhike zaidi.

Upande wa hofu kuna matumaini kidogo. Wale wa Uingereza waliofundishwa walisema, wiki mbili baada ya kujifungua, kwamba woga na wasiwasi halisi ulikuwa mdogo kuliko walivyotarajia, na tofauti hiyo ilizidi ya wenzao. Wale wa Denmark walisimulia kujifungua kwao kwa uzuri zaidi. Ukizingatia tuliyosema kuhusu kumbukumbu, hilo si dogo.

Tahadhari moja tu: majaribio hayo yalipima sindano ya mgongoni kwa sababu kule inapatikana kwa kuomba. Katika hospitali nyingi za umma huku kwetu mama wa leba haipati kwa urahisi. Kwa hiyo usinisome kwamba haifai kitu, nami siwezi kukuambia kwamba itafaa. "Kujifungua bila uchungu", lakini, ni ahadi ambayo hakuna jaribio hata moja linaloiunga mkono, na mtu anayeitoa ama hasomi utafiti ama anausoma na hajali.

Kitu chenye ushahidi mzito kuliko hipnosisi ni cha bei nafuu: mtu wa kuwa nawe muda wote. Mapitio ya mwaka 2017 ya majaribio 26 yenye wanawake zaidi ya 15,000 yalikuta kwamba mama aliyekuwa na mtu wa kumtegemeza mfululizo alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kujifungua kwa njia ya kawaida, leba yake ilikuwa fupi kidogo, na alitumia dawa za maumivu kidogo. Uwezekano wa kusema baadaye kwamba kujifungua kwake kulikuwa kubaya ulipungua pia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, linapendekeza kila mwanamke awe na mwenzi anayemchagua mwenyewe. Hapo ndipo pa kuweka nguvu zako. Ukienda kliniki wiki ijayo, muulize mkunga waziwazi: hapa mnaruhusu mtu kuingia leba na kukaa? Usiku pia? Wakisema pazia hazitoshi kwa hiyo wanaume hawaingii, mwandae mwanamke. Kama ni wifi yuleyule, sawa, ila sasa mkubaliane kwamba hatakuwa kwenye benchi. Kama jibu ni hapana kabisa, una wiki za kutosha kutafuta kituo kingine, na Kisumu vipo. Mwambie pia mkunga, "mara ya kwanza nilifokewa na bado naogopa." Mruhusu aandike kwenye kitabu chako cha kliniki.

Tubaki na huo usingizi. Kuamka saa nane usiku ukiwa na mimba ya wiki 30 si lazima iwe saa ile ya leba inakufuata. Kibofu kimebanwa, mtoto anacheza, kiungulia kinapanda. Lakini ubongo wako umeshajifunza kuitazama saa, na kila ukiiona ni nane unaanza hesabu. Simu igeuze kifudifudi, au iache chumba kingine. Usingizi usiporudi kwa muda unaoukadiria kuwa dakika 20, ondoka kitandani, kaa kwenye kiti kwenye mwanga hafifu ufanye kitu kisichochosha akili, urudi ukisinzia. Asubuhi uamke saa ileile hata kama usiku ulikuwa mbaya. Rekodi ya kupumua na kulegeza mwili, iwe ya hipnosisi au isiwe, hapa inaweza kukusaidia kweli. Na lala ubavu. Tafiti za New Zealand, Australia na Uingereza zimehusisha kulala chali kuanzia wiki ya 28 na hatari kubwa zaidi ya mtoto kufia tumboni. Ukijikuta chali umeamka, geuka tu, usiogope. Dawa za usingizi za dukani usinunue bila kumuuliza daktari.

Usingizi una nafasi nyingine katika habari hii, maana kinachoshikwa mchana huimarishwa usiku. Mwaka 1924 Jenkins na Dallenbach wa chuo cha Cornell walionyesha kwamba wanafunzi wawili walikumbuka zaidi walichojifunza walipolala baadaye kuliko walipokaa macho kwa muda uleule. Hayo mazoezi ya ganzi ya mkono, au ya kupumua, yafanye jioni karibu na kulala.

Kuna hali moja ambapo ningekutaka umwone mtaalamu wiki hii, si kusubiri. Ukiota leba ileile mara kwa mara, ukikwepa barabara inayopita hospitali ile, harufu ya dawa ya wodi ikikutoa jasho, au ukihisi humtaki mtoto huyu au huoni sababu ya kuishi. Mapitio ya mwaka 2017 yalikadiria kwamba takriban akina mama 4 kati ya 100 hupata msongo wa baada ya kiwewe kutokana na kujifungua, na karibu 18 au 19 kati ya 100 kwa wale waliokuwa na matatizo makubwa, kama upasuaji wa dharura. Unatibika. Shirika la Afya Duniani linapendekeza tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe, au ile ya kusogeza macho huku ukilikumbuka tukio. Zote zinatumia kumbukumbu uliyo nayo, hazichimbi nyingine. Kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ambayo wazee bado wanaiita Russia, ni mahali pazuri pa kuanzia.

Basi mpigie yule mtu wa Nakuru umuulize mambo matatu. Je, amesajiliwa chini ya Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, na nambari yake ni ipi? Je, yuko tayari kuzungumza na mkunga wako, na kukuambia kwamba hipnosisi haichukui nafasi ya kliniki wala ya hospitali? Na je, atakubali kufanya kazi na leba inayokuja tu, bila kugusa usiku ule? Akijibu ndiyo mara tatu, lipia vipindi viwili na rekodi, kati ya wiki ya 32 na ya 35, kama walivyofanya Uingereza. Sita sioni sababu. Zile Sh16,000 zinazobaki zitalipia teksi ya usiku kutoka Nyamasaria na kumlisha wifi akiwa nawe leba.